Jumuiya ya Wagiriki wa Alexandria: kilichoishikilia na kilichoiponza

Wakubwa zangu shikamooni. Ndugu zangu viongozi wa vyama mliofika, asanteni kwa kuja.

Kwa kuwa tuko Dar es Salaam, karibu kila mmoja wenu ameshapita mbele ya ukumbi wa Anatoglo, pale Mnazi Mmoja. Hilo ni jina la mtu. George Arnautoglu alikuwa Mgiriki, mwenye mashamba makubwa ya mkonge, na fedha zake ndizo zilizowezesha ukumbi ule kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Aprili 1953, humo ndani, Julius Nyerere alichaguliwa kuwa rais wa TAA, chama kilichokuja kuzaa TANU mwaka uliofuata. Kwa hiyo habari ya Wagiriki katika Afrika si ya mbali nasi. Ila ukitaka kujua watu hawa walijipanga vipi ugenini, sharti uende Misri, kwa sababu huko ndiko walikokuwa wengi kuliko popote barani, na huko ndiko walikojenga jumuiya ambayo vyama vyetu vya leo vina mengi ya kujifunza kwake, mazuri na machungu.

Jumuiya ya Wagiriki wa Alexandria iliundwa Aprili 1843. Wakati huo dola ya Ugiriki yenyewe ilikuwa bado changa. Mtawala wa Misri alikuwa Muhammad Ali Pasha, mzaliwa wa Kavala, mji ambao leo uko ndani ya Ugiriki, na alikuwa na rafiki mfanyabiashara aitwaye Michail Tositsas, mtu wa Metsovo. Tositsas ndiye aliyekuwa balozi mdogo wa Ugiriki mjini humo, tena ndiye mwenyekiti wa kwanza wa jumuiya.

Angalieni walianza na nini. Hawakuanza na klabu wala karamu. Walianza na hospitali, shule na kanisa. Tositsas na nduguze walitoa fedha, shule ikasimama, na kanisa kubwa la Kupashwa Habari likafunguliwa mwaka 1856. Kwa mhamiaji, mambo yanayomtisha ni matatu: kuugua bila mtu wa kumuuguza, watoto kukua bila kusoma, na kufa bila kuzikwa na watu wake. Hayo ndiyo waliyoyashika kwanza.

Kisha ikaja pamba. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata pamba iliyokuwa ikienda viwanda vya Uingereza. Bei ya pamba ya Misri ikapaa, na Wagiriki wakamiminika. Watu wa kisiwa kidogo cha Kasos walikuja kwa wingi kuchimba Mfereji wa Suez. Wengine waliingia vijijini kwenye delta ya Nile, wakafungua maduka, wakawa wanauza mafuta ya taa na sukari, wanakopesha mkulima fedha za mbegu, na wanajilipa wakati wa mavuno. Mmoja wao, Sakellaridis, alichagua na kuzalisha mbegu ya pamba yenye nyuzi ndefu iliyokuja kuitwa Sakel. Mbegu hiyo ilitawala mashamba ya Misri kwa miaka mingi, na ikalimwa hadi Gezira, Sudan. Sensa ya 1927 iliwahesabu raia wa Ugiriki zaidi ya 76,000 nchini Misri.

Sasa mfikirie mtoto wa Kigiriki aliyezaliwa Alexandria, mtaa wa Chatby, mwanzoni mwa karne ya 20. Akiugua, alipelekwa hospitali ya jumuiya. Alibatizwa katika kanisa la jumuiya. Akifika umri wa kusoma, alikuta shule zilizojengwa kwa fedha za George Averoff, tajiri aliyeiongoza jumuiya hadi kufa kwake mwaka 1899, na ambaye pia ndiye aliyegharamia ukarabati wa uwanja wa marumaru wa Athens kwa ajili ya Olimpiki ya 1896. Binti akifiwa na wazazi, kulikuwa na nyumba ya yatima iliyojengwa na Emmanuel Benakis, mwenyekiti mwingine, aliyekuja baadaye kuwa meya wa Athens. Mtoto maskini aliyekuja shule na njaa, kulikuwa na jiko la jumuiya linalompa chakula cha mchana. Akizeeka bila watoto, kulikuwa na makao ya wazee. Na makaburi yalikuwa hapohapo Chatby.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu najua hali za vyama vyetu. Averoff na Benakis walikuwa matajiri, na majina yao yaliandikwa juu ya milango. Sina shida na hilo, mtu akitoa na aandikwe. Lakini jengo likishakamilika, lilikuwa mali ya Jumuiya. Halikuwa la Averoff, wala la watoto wake, wala la ukoo. Ni kama wakfu tunavyoujua sisi watu wa pwani: ukishaweka, umetoka mkononi mwako. Ndiyo maana biashara za matajiri hao zilikuja kufa au kuchukuliwa, familia zikatawanyika Athens na London na Australia, lakini Jumuiya bado ipo Alexandria, ina kamati, ina shule, ina makao ya wazee, ingawa Wagiriki waliobaki mjini ni wachache mno. Mimi nimeona hapa kwetu vyama vya watu wa wilaya fulani ambavyo kiwanja kimeandikwa jina la mwenyekiti. Mwenyekiti anafariki, warithi wanakuja na hati, na miaka ishirini ya michango inaishia mahakamani. Tafadhalini, mkirudi makwenu, itazameni hati yenu.

Lakini nisiwapambie. Jumuiya ile iliendeshwa na wenye fedha. Waliopiga kura ni wale waliolipa ada, na kamati ilikuwa ya wauza pamba na wenye mabenki. Wagiriki wengi hawakuwa matajiri. Walikuwa washonaji, mafundi wa mitambo, wahudumu wa mikahawa, na wasokota sigara. Mwishoni mwa 1899 wasokota sigara wa Cairo waligoma, na mgomo ukaingia mwaka uliofuata. Wengi wao walikuwa Wagiriki, na wenye viwanda waliogomewa nao walikuwa Wagiriki. Wote hao walisali kanisa moja. Kabila moja na dini moja havikuzuia mtu kumnyonya mwenzake, na jumuiya iliyotoa mkate kwa mtoto wa mgomaji ilikuwa mikononi mwa watu wa daraja lile lile lililompunja baba yake.

Jambo la pili ndilo linaloniuma zaidi, nalo ni shule zenyewe. Zilikuwa shule nzuri kweli. Zilifundisha Kigiriki kwa ufasaha na Kifaransa cha kibiashara. Kiarabu kilipewa nafasi finyu. Mtoto alimaliza shule akiijua historia ya Athens, mji ambao pengine hajawahi kuukanyaga, huku hawezi kuandika barua ya maombi ya kazi kwa lugha ya nchi aliyozaliwa yeye na mama yake. Kwa muda mrefu hilo halikuwadhuru, kwa sababu wageni walikuwa na mahakama zao na upendeleo wao wa kisheria. Mkataba wa Montreux wa 1937 ukaufuta upendeleo huo, na mahakama za mseto, yaani zile zilizosikiliza kesi za wageni, zikapewa miaka kumi na miwili tu. Ikaja sheria ya makampuni ya 1947: robo tatu ya waajiriwa wa ofisini na asilimia 90 ya vibarua wawe Wamisri. Vijana wa Kigiriki wasio na uraia wa Misri wakajikuta milango imefungwa. Walikuwa na miaka kumi ya kujiandaa tangu Montreux. Miaka kumi inatosha kabisa kubadili mtaala wa shule, na mtaala ulikuwa mkononi mwa Jumuiya, si mwa serikali.

Wala msidhani walikuwa maadui wa Misri. Mwaka 1956 Rais Nasser wa Misri alipoutaifisha Mfereji wa Suez, marubani wa kigeni waliokuwa wakiongoza meli waliondoka wakitarajia mfereji usimame. Marubani wa Kigiriki walibaki, wakafanya kazi usiku na mchana pamoja na wenzao Wamisri, na meli zikaendelea kupita. Hata hivyo utaifishaji wa 1961 ulipofika uliwakumba wao pia, na katika miaka ile maelfu wakafunga virago.

Kwetu Tanganyika walikuja kwa njia nyingine. Wengi wa mwanzo walikuwa wakandarasi wadogo kwenye reli za Wajerumani. Baada ya Vita vya Kwanza, mashamba ya Wajerumani yalipopigwa mnada, walinunua mkonge Tanga na Morogoro, kahawa Moshi na Arusha. Azimio la Arusha la 1967 likachukua sehemu kubwa ya mkonge, na 1973 zikafuata kahawa za Kilimanjaro. Wengi wakaondoka.

Ila kuna mlango mmoja uliofunguka huku kwetu ambao Alexandria iliuchelewesha. Miaka ya 1930, Mganda Reuben Spartas alikuwa ameanzisha kanisa lake na kuliita la Kiorthodoksi. Mgiriki mmoja huko Uganda alimwambia ibada zake hazifanani na za Waorthodoksi anaowajua, akamwelekeza kwa padri Nikodemos Sarikas, aliyekuwa akiwahudumia Wagiriki wa Tanganyika. Kupitia mawasiliano hayo Spartas akaufikia Upatriaki wa Alexandria, yaani makao makuu ya Waorthodoksi wa Afrika, na mwaka 1946 kanisa lake likapokelewa rasmi. Leo Waorthodoksi wa Afrika Mashariki walio wengi sana ni Waafrika, na liturujia inasomwa kwa Kiswahili. Kule Arusha nako, shule ya Mtakatifu Constantine, iliyojengwa na jumuiya ya Wagiriki kwa ajili ya watoto wa wakulima wao, imekuwa ikisomesha watoto wa kila kabila na taifa. Naamini shule za Alexandria zingefungua milango hivyo mwaka 1937, vijana wengi wa Kigiriki wasingelazimika kuihama Misri.

Nawakaribisha kwa maswali. Tuanze na yule mama wa nyuma, aliyekuwa ameinua mkono tangu nilipotaja hati za viwanja.