Bledi Yako Si Butu, Ni Chafu

Karibu karakana. Kabla sijashika spana, tazama ubao huu. Ni msonobari, nimeukata dakika chache zilizopita kwa msumeno wa mezani. Unaona ukingo ulivyoungua, michirizi ya kahawia toka mwanzo hadi mwisho? Na ilinibidi kuusukuma kwa nguvu, mota ikilalamika. Fundi wengi wakifika hapa wanasema bledi, ile sahani ya meno inayokata, imekwisha, iende ikanolewe au inunuliwe nyingine. Mimi nadhani hii haijakwisha. Tuweke ubao kando, tutauhitaji baadaye.

Kwanza, chomoa plagi. Sisemi zima swichi, nasema chomoa plagi ukutani na uiweke mahali unapoiona. Kama msumeno wako unatumia betri, toa betri. Halafu vaa glavu nene, maana bledi iliyofunguliwa inakata vilevile. Glavu hizi ni za kushikia bledi tu; mashine ikizunguka, zivue, zisije zikanaswa zikavuta mkono.

Sasa nati. Hapa ndipo watu wanapokwama, wanavuta spana hadi jasho linawatoka kumbe wanazidi kukaza. Usikariri kushoto wala kulia, kwa sababu mashine hazifanani. Angalia meno yanaelekea wapi: nati inafunguka kwa kuzungushwa upande uleule ambao bledi huzungukia. Imetengenezwa hivyo makusudi, ili mota ikianza kuvuta nati ijikaze yenyewe badala ya kulegea. Bana bledi kwa kipande cha mbao laini isizunguke, vuta spana taratibu... na hiyo hapo, imeachia. Visahani viwili vinavyobana bledi vipige picha kwa simu kabla hujavitoa, ujue kipi kilikuwa nje na kipi ndani.

Sogea karibu na kamera uone. Hii ni bledi ya inchi 10, meno 60. Ule utando wa kahawia pembeni ya meno ni utomvu wa mbao uliochanganyika na vumbi, ukapikwa na joto mpaka ukawa kama gundi. Sasa angalia ncha ya jino. Kale kapande ka kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma, kalikochomelewa pale ni kanene kidogo kuliko bamba la bledi lenyewe. Unene huo ndio unaoipa bledi nafasi ya kupita ndani ya mbao bila kusugua. Utomvu ukijaa pembeni, ile nafasi inapotea. Bledi inasugua, inapata moto, na ikipata moto inatanuka na kuanza kuyumba. Mbao inaungua, na wewe unalaumu meno ambayo bado ni makali.

Chukua beseni pana kuliko bledi, weka maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Mimi huweka vijiti viwili vya mbao chini ili meno yasigonge beseni. Laza bledi, izame yote, uiache dakika 10 hadi 15. Usiilaze humo usiku kucha. Bamba ni chuma, kutu itakuamkia.

Kuna watakaouliza kuhusu mafuta ya taa. Yanayeyusha utomvu vizuri, sikatai, na mafundi wengi wanayatumia. Ila fanyia nje, mbali na moto, kisha uoshe kwa sabuni. Dawa kali za kusafishia oveni, zile zenye magadi makali ya sodiamu, mimi sizitumii. Zinaunguza ngozi na macho, zinaweza kubandua rangi ya kinga, na baadhi ya watengenezaji wa bledi wanazikataza kabisa. Sabuni inatosha, mradi uwe na subira.

Muda umetimia. Ninatumia mswaki wa zamani. Sugua kutoka katikati kwenda nje, kufuata meno, mkono ukiteleza usiingie kwenye ncha. Ingia kwenye yale mabonde kati ya jino na jino, halafu uso wa jino, halafu mbavu zake zote mbili. Unaona maji yalivyobadilika? Sehemu sugu irudishe kwenye sabuni dakika 5 nyingine, au tumia brashi ya shaba kwa wepesi. Brashi ya waya wa chuma hapana, na bisibisi ya kubandulia uchafu kwenye ncha hapana kabisa. Kabaidi ni ngumu sana lakini inavunjika kama kioo. Mimi niliwahi kulaza bledi mpya kwenye sakafu ya saruji bila kufikiri, nikasikia "tik". Jino moja likapungua kona kabla bledi haijakata hata ubao mmoja.

Suuza, futa kwa kitambaa kikavu papo hapo, na uipe dakika chache kwenye upepo.

Ikiwa safi hivi ndipo ikaguliwe. Zungusha mbele ya taa, tazama jino moja moja. Makali yaliyochoka hurudisha mwanga, unaona kamstari kanachong'aa kwenye ncha. Makali mazuri hayaonyeshi kitu. Au gusa ncha kwa ukucha, taratibu: jino kali linashika, butu linateleza. Jino likiwa limeng'oka, au bamba lina ufa, hiyo bledi isirudi kwenye mashine. Ila usichanganye ufa na zile njia nyembamba zilizokatwa kwenye bamba, nyingi zikiishia na kitundu cha mviringo. Hizo ni za kiwandani, zinaipa bledi pa kutanukia. Ufa haujanyooka hivyo.

Hii yetu meno yote yapo na yanashika ukucha. Ingekuwa butu ningeipeleka kwa mwenye jiwe la almasi, kwa sababu tupa ya kawaida haiwezi kabaidi. Tupa ya pembetatu ni ya msumeno wa mkono, na hata huko, ukiona ncha za meno zina rangi nyeusi ya kibuluu, yamefanywa magumu kwa moto, tupa itateleza tu. Msumeno wa mkono wenye kutu, msasa laini na tone la mafuta vinatosha.

Paka mafuta mepesi ya mashine kwa kitambaa, kisha yafute mpaka uone kama hukupaka. Mafuta yakibaki yataingia kwenye mbao, na vanishi haitashika. Bledi ya akiba itundike peke yake, au weka katoni kati ya moja na nyingine.

Turudishe. Futa vumbi kwenye visahani, hata punje moja ikibanwa pale bledi itayumba. Kwenye msumeno wa mezani, meno ya juu yanakutazama wewe. Kaza nati, lakini usiipandie. Zungusha kwa mkono mara mbili, sikiliza kama inagusa popote. Vua glavu, vaa miwani, rudisha plagi, simama pembeni ya mstari wa bledi, iache izunguke tupu kidogo.

Ubao uleule, upande wa pili. Sikia mota. Safari hii ninauongoza tu, sisukumi. Huo hapo ukingo: mweupe, hakuna hata harufu ya moshi.