Mtu wa Kati Akijitoa kwenye Grupu

Wazee wangu, kina mama, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliokuja kutoka Kondele na Manyatta, asanteni kwa kufika.

Naanza na jambo ambalo Kisumu haihitaji kufundishwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zile, ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini: hapa mjini, Nakuru, Naivasha na kwingineko. WhatsApp ilianzishwa 2009. Kwa hiyo tusiitwike simu lawama yote. Mpasuko wa misimamo una kanuni zake, na baadhi yake zinaandikika ubaoni.

Mwaka 1974 mwanatakwimu wa Marekani, Morris DeGroot, alitoa kanuni nyepesi. Kila mtu apewe namba ya msimamo wake, kisha kila raundi achukue wastani wa namba za anaowasikiliza, yake ikiwemo. Ikiwa wote wameunganika, hata kwa kupitia wengine, mwishowe hufika namba moja. Mimi sioni Kenya humo. Mwaka 2002 Wajerumani wawili, Rainer Hegselmann na Ulrich Krause, walichunguza kwa kina hali iliyo na sharti: mtu humsikiliza tu yule ambaye msimamo wake hauko mbali sana na wake.

Tupige hesabu pamoja. Chukueni grupu la watu watano wa ploti moja kule Nyalenda. Namba 0 anampinga mgombea kabisa, 100 anamshabikia kufa kupona. Wako 0, 25, 50, 75 na 100. Kila mmoja anavumilia tofauti ya 30; ikizidi hapo, ujumbe anaupita bila kuusoma.

Raundi ya kwanza, wa 0 anamsikia wa 25, anasogea hadi 12.5. Wa 25 anavutwa huku na huku kwa nguvu sawa, anabaki alipo. Upande wa pili ni vivyo hivyo. Endeleeni: raundi ya tano wote wako 50.

Sasa mwondoeni wa 50. Amechoka kutukanwa na pande zote mbili, amejitoa. Nani hajaona hilo mwezi wa uchaguzi? Wa 0 na wa 25 wanakutana 12.5. Wa 75 na wa 100 wanakutana 87.5. Hesabu imekwama hapo, hakuna anayesogea tena. Watazameni wale wa 25 na 75: walitengana kwa 50, sasa ni kwa 75. Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyechochea, kila mmoja alimsikiliza jirani yake kwa uaminifu. Jambo hili linaniuma. Tumezoea kumsaka mchochezi, na wachochezi wapo kweli, lakini mpasuko huja hata bila wao.

Je, wa 50 akibadili nia arudi baada ya raundi hiyo moja? Yuko mbali na kila upande kwa 37.5. Hawamsikii, naye hawasikii.

Mwaka 2019 WhatsApp ilipunguza kikomo cha kusambaza ujumbe kutoka gumzo 20 hadi 5. Ujumbe ukisambazwa kwa hatua tatu, 20 × 20 × 20, yaani gumzo 8,000, inakuwa 5 × 5 × 5, yaani 125. Uvumi ulipunguziwa kasi, na nafurahi, lakini ile 30 yetu haikuguswa.

Iongezeni sasa, iwe 38, wa 50 akiwa amerudi. Raundi ya kwanza wanafika 25, 50 na 75. Ya pili, kama 33, 50 na 67. Ya tatu, wote 50.

Ila modeli haisemi hiyo 8 ya ziada itatoka wapi. Haijui habari za ardhi, wala za kazi. Mtu aliyemzika mwanawe Januari 2008 hataiongeza kwa sababu mhadhiri amemwomba. Hapo sisi watu wa hisabati tunawahitaji wachungaji, maimamu na maadmini wa magrupu yenu, na ndiyo maana nimeomba muda wa maswali uwe mrefu kuliko mhadhara. Karibuni.