Antivairasi ya Ofisi Inapogoma Kutoka

REHEMA: Karibuni tena. Leo, kaka Rama, kuna msikilizaji kaachiwa laptopu na mwajiri wake wa zamani. Ni yake kihalali, karatasi anazo. Ila Sophos, antivairasi ya ofisi, imo ndani, na kila akitaka kuiondoa anadaiwa nenosiri.

RAMA: Na hana.

REHEMA: Atalitoa wapi? Akienda Task Manager, pale Windows inapoonyesha programu zinazoendeshwa, aizime, anaambiwa hana ruhusa. Na yeye ndiye admini!

RAMA: Ndivyo ilivyotengenezwa, dada. Mdukuzi akishaingia kama admini, kitu cha kwanza ni kuzima antivairasi. Ndiyo maana Windows, tangu 8.1, inazipa programu hizi kinga ambayo hata admini haivunji kirahisi. Nenosiri linakaa kwenye mfumo wa kampuni, kila mashine na lake.

REHEMA: Mi ningefuta folda tu kule Program Files.

RAMA: Usithubutu! Zina draiva, programu ndogo za ndani kabisa ya Windows, zilizojipachika kwenye mtandao na kwenye diski. Ukifuta mafaili kwa mkono, Windows bado inazitafuta. Bahati yako ukipoteza intaneti tu. Vinginevyo unawasha, skrini ya bluu. Unakumbuka Julai 19, 2024? Faili moja bovu la CrowdStrike, programu nyingine ya ulinzi, liliangusha kompyuta milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft. Vitu hivi vinakaa chini kabisa.

REHEMA: Basi afanyeje?

RAMA: Awapigie watu wa IT. Najua, nani anapenda kurudi kuomba kitu alikoacha kazi? Lakini kwao ni jambo dogo: wanafungua Sophos Central, ule mfumo wa kampuni wa kusimamia Sophos, wanatafuta mashine, wanamsomea nenosiri. Hata kama walishaifuta kwenye orodha, kuna ripoti ya kurejesha manenosiri hayo. Anazima Tamper Protection, ile kinga inayodai nenosiri, anaiondoa Sophos kama programu nyingine yoyote, anarestati. Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, inaamka bila kuitwa.

REHEMA: Na zile programu za kusafishia, SophosZap na wenzake?

RAMA: Ni za kuondoa mabaki. SophosZap yenyewe inagoma kama kinga bado imewashwa. Ya ESET, antivairasi nyingine, inaendeshwa kwenye Safe Mode, Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu, na hapo uwe na ufunguo wa BitLocker, kufuli la diski, karibu, tarakimu 48, usije ukajifungia nje.

REHEMA: Mi naona apige Windows upya, yaishe.

RAMA: Hata mimi, kama mafaili yameshahamishwa. Chomeka flashi, futa partisheni zote, weka mpya. Ila kuna Autopilot, huduma ya Microsoft inayoisajili mashine kwa kampuni. Umemaliza kupiga Windows, unaunga waifai, jina la kampuni hilo hapo, linataka imeili ya kazini! Usajili uko kwa Microsoft, kwa alama za mashine yenyewe. Hata ukibadilisha diski, wapi.

REHEMA: Anarudi kulekule kwa IT.

RAMA: Kulekule. Kwa hiyo akipiga simu aombe vyote kwa mpigo: nenosiri, na waitoe kwenye Intune, mfumo wa Microsoft wa kusimamia mashine za kampuni, na Autopilot. Nanyi mnaonunua laptopu za mtumba zilizotoka makampuni, Kariakoo au popote, msitoe hela mpaka muuzaji airiseti mbele yenu na kuiunga intaneti.

REHEMA: Akisema leo dukani mtandao hakuna?

RAMA: Washa hotspoti ya simu yako, umwangalie usoni.