Mbona Tunafufuka kwa Kunong'ona?

Ndugu zangu, walionisikia mwaka jana watanisamehe, wimbo ni uleule. Kwaresima tunaiweza: siku 40 tunafunga, tunanuna, tunakaripiana. Ikifika Pasaka, ambayo ni siku 50 mpaka Pentekoste, tunaimba Aleluya, tunapeana mikono, na mchana tumeshalala. Kulia tunajua, kushangilia tunaona haya.

Najua kuna anayesema moyoni kwamba mambo ya Mungu yanataka utulivu. Sawa, mzee wangu, utulivu tumeshaupata. Kengele zilinyamaza baada ya wimbo wa Utukufu wa misa ya Alhamisi Kuu, kinanda kikafungwa, tukabaki na vibao vya kugonganisha. Usiku wa mkesha Utukufu ukianzishwa tena, kengele zipigwe. Anayezipiga kwa aibu, kamba apewe mwingine.

Sasa twendeni Florence, Italia. Mnacheka kwa sababu mnajua hapa sipiti haraka. Jumapili ya Pasaka ng'ombe weupe waliovishwa maua wanakokota gari la mbao, refu kupita nyumba ya ghorofa, hadi mbele ya kanisa kuu. Gari limesheheni fataki. Ng'ombe wanafunguliwa na kuondolewa mapema, maana wao hawajaomba ushujaa. Waya umefungwa altareni, unapita katikati ya kanisa, unatoka mlangoni hadi kwenye gari. Kwaya ikianza Utukufu, askofu mkuu anawasha fataki yenye umbo la njiwa. Njiwa anachomoka, anateleza juu ya vichwa vya waumini huku cheche zikiruka, anapita mlangoni, anagonga gari, halafu anarudi ndani alikotoka. Nje, moshi na mlipuko, kengele za mnara zinaitikia. Njiwa akirudi salama, watu husema mavuno yatakuwa mema. Masimulizi ya mji yanasema mawe ya gumegume ya kuwashia moto huo yaliletwa na Pazzino de' Pazzi, mpiganaji wa Vita vya Msalaba, kutoka Yerusalemu, iliyotekwa mwaka 1099.

Mmeona cheche zinaanzia wapi? Altareni! Kwa hiyo asije mtu kuniambia kelele hizo ni za wahuni wa nje waliovamia ibada.

"Na wagonjwa je, na watoto waliolala?" Swali zuri, na jibu lake linatoka Ugiriki. Kule Vrontados, kisiwani Chios, kuna desturi ya parokia mbili kurushiana maroketi usiku wa Pasaka, kila moja ikilenga mnara wa kengele wa mwenzake. Makanisa na nyumba za jirani hufunikwa nyavu za waya kwanza. Hapo hata mimi ningesema wapunguze. Lakini kisiwa kingine cha huko, Corfu, mnakionaje? Jumamosi Kuu saa tano asubuhi, watu wanatupa mitungi ya udongo iliyojaa maji kutoka roshani, paa! barabarani, kisha wapita njia wanaokota vigae vya bahati. Saa tano asubuhi, mzee wangu. Nani amelala?

Ethiopia nayo, baada ya mfungo wa siku 55 bila nyama wala maziwa, ngoma za kanisani... naona mwenyekiti anatazama saa. Haya. Nilitaka pia kuwaeleza mapadre wa Ujerumani wa kale waliochekesha watu mimbarini siku ya Pasaka, hadi mwanateolojia Oecolampadius akaandika kuwalaumu mwaka 1518. Hiyo tuiache, wapo hapa wenye hoja kama zake na wameshanyoosha mikono. Mama wa pale nyuma, anza wewe.