Baada ya eapoti, nani anafungua bahasha?

Haya jamani, wa nyuma mnanisikia? Asante mzee mwenyekiti. Nimeambiwa niongee changamoto za wageni wapya, wakimbizi wenzetu, hapa Louisville, Marekani, nimepewa dakika kumi na tano, na naona dada zangu wa kwaya washaanza kucheka maana wanajua nitaongea nini. Ndiyo, bahasha. Nitaongea bahasha mpaka siku mtakapoacha kwenda eapoti kumpokea mgeni, watu arobaini na vitenge na simu za kurekodi, halafu ikifika mwezi wa saba tangu afike mgeni hana hata mtu mmoja wa kumsomea barua.

Mambo ya Nyarugusu, ile kambi ya Tanzania, sielezi, nusu ya ukumbi huu tumekulia pale. Ila nawauliza, kule kambini nani aliwahi kuandikiwa barua nyumbani? Hakuna. Kesi yako ikisogea unaenda kuangalia ubaoni, au jirani anakuja mbio anasema nimeona namba yako. Sasa huku maisha yote yanapita kwenye kale kasanduku ka chini ya ngazi, na funguo yake ndogo kama ya begi, na hakuna jirani wa kukukimbilia.

Kuna mama mmoja, jina silitaji, ana watoto wanne, alikuwa amemaliza mwaka na kidogo. Akaenda duka la dawa kuchukua pampu ya pumu ya mtoto, akaambiwa bima imekatika. Akanipigia usiku analia, eti serikali imemchukia. Nikaenda. Nikamuuliza mama, barua haikuja? Akasema barua zipo zote, hajapoteza hata moja. Akaingia chumbani akatoka na ule mfuko wa IOM, lile shirika la uhamiaji lililotusafirisha. Mnaukumbuka? Ule tuliosafiri nao, tukaambiwa usiuachie, usiuweke kwenye sanduku, ukipotea umepotea na wewe, watu tumelala nao Nairobi tumeukumbatia kama mtoto. Basi umejaa mpaka unapasuka. Kila karatasi yenye Kiingereza aliyoipokea tangu afike kaiweka humo, haijafunguliwa, imetunzwa.

Sasa mnisikilize hapo maana kuna watu wanasema wageni ni wazembe. Mzembe gani huyo? Alifanya vile vile alivyofundishwa, karatasi inatunzwa! Mpaka matangazo ya pitsa kayatunza. Tukamwaga mezani, tukaanza saa moja jioni mpaka saa tano, chai imepoa mara mbili. Barua za shule, bili ya umeme, benki inamwambia umeshakubaliwa kadi ya mkopo, hiyo aliiogopa kuliko zote kwa sababu ina rangi nyekundu. Bili ya lile deni la tiketi za ndege, ambalo tulisaini wenyewe, halina riba na linaanza kudaiwa kama miezi sita baada ya kufika. Na chini kabisa, bahasha nyeupe ya kawaida haina hata urembo, ndiyo ile fomu ya kila mwaka ya Medicaid, bima ya afya ya serikali, tarehe imepita wiki tatu. Ile ya rangi ni takataka, ile isiyo na sura ndiyo dawa ya mtoto.

Bahati nzuri ukirudisha fomu ndani ya siku 90 tangu bima ikatwe wanaiangalia upya, huanzi moja. Bima ilirudi. Lakini wangapi hawajui hilo?

Najua kuna mtu anasema simu siku hizi inatafsiri. Inatafsiri maneno ndugu yangu, haikwambii ipi utupe na ipi ulie nayo. Mwingine anasema mbona sisi nani alitufungulia? Hakuna, ndiyo maana wewe ulilipa faini ile, unaikumbuka, usinifanye niiseme mbele za watu. Na mwingine, huyu ndiye namuogopa, anasema tangu Januari 2025 mlango wa wakimbizi kuingia Marekani umefungwa, wageni wako wapi? Mwaka wa serikali ule wa 2024 waliingia wakimbizi zaidi ya laki moja, Wakongo peke yetu karibu elfu ishirini, tuliongoza. Hao hawajarudi! Zile siku 90 za shirika lililowapokea kuwashika mkono ziliisha zamani, wako kwenye apatimenti zao na mifuko imejaa.

Basi tukawasomee barua zao. Ila tukubaliane, siri. Maana sisi midomo yetu, mtu anasoma deni la mama fulani Jumamosi, Jumapili kwaya nzima inajua. Unasoma mbele ya mwenyewe, barua inabaki kwake, hupigi picha. Na hakuna kumtoza mtu dola hamsini eti umemjazia fomu. Wapo humu, na wanajijua.

Naona mwenyekiti anaonyesha saa, haya haraka haraka. Ukihama nyumba unatakiwa kuwaambia uhamiaji ndani ya siku 10, fomu inaitwa AR-11. Mkimbizi akitimiza mwaka anatakiwa kuomba grinikadi, ile kadi ya ukaazi wa kudumu, asingoje kuitwa. Hospitali inayopokea hela za serikali kuu lazima ikutafutie mkalimani bure, sheria ya 1964 hiyo, acheni kumtoa mtoto wa miaka kumi shule aende kumtafsiria mama yake mambo ya tumbo la uzazi. Na mkalimani wa simu akiongea Kiswahili cha Dar nawe umetoka Fizi kule Kongo hujaelewa, usiitikie ndiyo ndiyo, sema rudia. Vijana na leseni za gari nilikuwa nayo, basi, siku nyingine.

Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi niko pale meza ya karibu na jiko, nahitaji watu wanne wanaosoma Kiingereza na wanaojua kunyamaza. Chai ipo. Njooni na mifuko ilivyo, msipange kitu, hata ya pitsa leteni.