Mchunga na wageni wake

Assalam aleikum, shikamooni wazee wangu, na mama zangu mliokuja na watoto karibuni sana. Leo nyuki wa mzinga tumuache, huyo mnamjua, nataka tuwaongelee wale wanaotua kwenye mchunga pale njia ya Kaole kipindi ardhi imekauka, manake sisi mchunga tunaujua sufuriani na tui lake la nazi, ukishatoa maua hatuna habari nao.

Hili ua lipitisheni mkononi. Mnaona moja eeh? Sio moja. Ni maua madogo kibao yamebanana kwenye kikonyo kimoja, alizeti hivyohivyo, kishona nguo hivyohivyo, ukoo mmoja hao. Kila kaua kana kabomba, chavua inamwagikia humo ndani, halafu kati kunapanda kajiti kanaisukuma nje kama pistoni ya pampu ya baiskeli. Sasa mdudu akitua mara moja anatembea tu, anakula maua kumi ishirini bila kuruka, na kwa jua la kiangazi hiyo sio kitu kidogo.

Wanakuja vipepeo, wanakuja mbawakawa, ila mimi nampenda nyuki mkata majani. Yule jike habebi chavua miguuni, anabeba chini ya tumbo, kuna vinywele kama brashi, akitoka hapo tumbo lote utadhani kapakwa manjano. Mkiona jani la waridi limekatwa duara safi kama kwa mkasi ndo yeye huyo, anaviringisha vipande anajenga chumba, anaweka chavua, anataga yai moja, anafunga. Hana malkia wala mzinga. Nyuki duniani wako zaidi ya aina 20,000 na wengi wanaishi peke yao hivyo, tena wengi wao kwenye vishimo vya udongo tunavyovikanyaga.

Na yule mwenye mistari anayeganda hewani, jamani msimuue mkidhani nyigu! Hesabuni mabawa, nyigu ana manne, huyu mawili, ni nzi, hana mwiba, na watoto wa wengi wao wanakula vidukari kwenye kunde zenu.

Mikorosho yenu ikichanua inahitaji wadudu, sasa ikimaliza kuchanua hao wadudu wale wapi kama pembeni mmefyeka kote? Naomba muache hata ukanda wa hatua mbili tatu, nawaomba sana.

Haya, saa nne hii, jua limepanda, twendeni nyuma ya ukuta kwenye kile kishona nguo. Watoto wakae mbele, wachuchumae, wasiguse.