Pulcinella wa Napoli: jinsi ya kumpa sauti bila kuimeza

Haya jamani, karibuni tena. Napoli leo mvua, hayo matone dirishani yavumilieni tu. Tunamchezesha Pulcinella, kikaragosi wa mkononi. Mchezo wenyewe hapa wanauita guarattelle.

Mavazi nayapitia mbio: kanzu nyeupe pana, kofia nyeupe ndefu, barakoa nyeusi ya nusu uso yenye pua kama mdomo wa kunguru. Miguu hana, usimtafutie. Kidole cha shahada shingoni, gumba na cha kati ndiyo mikono yake. Umeshamvaa.

Sasa sauti. Wengi husema jina lake limetoka kwenye pulcino, yaani kifaranga, na kweli analia kama kifaranga aliyebanwa na mlango. Kifaa chake kinaitwa pivetta. Chukua vipande viwili vya bati, vidogo, uvipinde kidogo kama ukucha. Katikati unapitisha utepe uliokazwa, halafu unafunga kwa uzi kuzunguka... ngoja, kamera imeganda? Haya, imerudi. Nilikuwa nazungusha uzi. Utepe ukilegea hupati mlio, unapata mate.

Kabla hujaiweka mdomoni, funga uzi mrefu, ncha yake ibaki nje. UZI. Narudia: uzi! Iweke juu kwenye kaakaa, karibu na koo, uishike kwa ulimi, upulize. (Prrruiii!) Umesikia? Paka wangu amekimbia.

Shida haiko hapo. Shida ni pale mhusika mwingine anapojibu. Upo peke yako kibandani, kwa hiyo unaisukuma pivetta shavuni kwa ulimi, unasema kwa sauti yako, kisha unairudisha. Usivute pumzi wakati inasafiri! Mimi nilivuta, mbele ya watoto, na uzi sikuwa nimefunga. Ilishuka. Watoto walipiga makofi, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Kwa hiyo: funga uzi, usivute pumzi.

Na maneno ya Pulcinella hayasikiki vizuri, ndiyo maana mwenzake huyarudia kama swali: "Eti una njaa?" Wanaoanza husahau hili, watazamaji wanabaki kutazamana.

Pulcinella namweka mkono wa kulia, hatoki mpaka mwisho. Wa kushoto ndio unabadilisha: Teresina mpenzi wake, mbwa, mbabe wa mtaa, mnyongaji, hata Mauti. Rungu ligongwe kwa mdundo, mbao juu ya mbao, kama ngoma. Ukipiga ovyo ni vurugu tu, hakuna atakayecheka. Mzee Nunzio Zampella aliushika mchezo huu wakati karibu wote wameuacha. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Bruno Leone akaenda kujifunza kwake. Waingereza nao, Samuel Pepys aliandika kwenye shajara yake kwamba aliona vikaragosi vya Kiitaliano London, Mei 1662, na Punch, kikaragosi wao maarufu, ni mtoto wa huyuhuyu Pulcinella.

Tumalizie na kitanzi, ninachokipenda kuliko vyote. Mnyongaji anamwambia weka kichwa. Pulcinella anaweka mkono. Hapana, kichwa! Anaweka kiwiko. "Sijui, nionyeshe." Mnyongaji anaingiza chake... hapo hesabu moja, mbili, ndipo uvute. Ukivuta mapema umeua kichekesho.

Pivetta zangu ziko tayari, kiungo kipo chini. Uzi nimeshaufunga mwenyewe.